Sala Isiyokuwa na Amina

Sostenes alipoanguka kutoka juu ya kenchi la paa la ghala kule Kizota, kilichovunjika kilikuwa paja lake, lakini aliyeumia zaidi alikuwa mkewe, Raheli. Sostenes alifungwa piopi, ile plasta ngumu ya hospitali, kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu, akalazwa sebuleni kwake Nkuhungu kwa sababu piopi ilikataa kukata kona ya mlango wa chumbani, na kazi yake duniani ikabaki moja tu: kulala chali na kutazama dari. Raheli alibaki na kazi nyingine zote zilizobuniwa tangu Adamu afukuzwe bustanini.

Saa kumi alfajiri alikaanga vitumbua vya kuwauzia mafundi. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, alimgeuza mumewe asije akapata vidonda vya mgongo, na Sostenes, hata kabla ya kuongezewa uzito wa piopi, hakuwa mtu wa kugeuzwa na mwanamke mmoja. Katikati ya hapo palikuwa na kuchota maji, kufua, na kile chombo kinachowekwa chini ya kitanda na kufunikwa na gazeti. Na kuanzia saa tatu asubuhi, palikuwa na wageni.

Wageni walikuja kwa upendo, hilo lisipingwe. Lakini mgeni wa mgonjwa hukaa, na akikaa hunywa chai, na akinywa chai hutaka habari za ajali tangu mwanzo, tena kutoka kwa mke, maana mgonjwa asichoshwe. Juu ya yote, mwenye mgonjwa hasinzii mbele ya wageni. Akisinzia mara moja tu, kabla ya jua kuzama mtaa mzima unajua kwamba amemchoka mumewe.

Basi Raheli hakusinzia. Ilipofika wiki ya nne alimwamkia shikamoo beberu wa jirani, na Sostenes anaapa mpaka leo kwamba beberu aliitikia. Siku iliyofuata majani ya chai yaliingia kwenye mchuzi na dagaa wakaingia kwenye chupa ya chai. Mgeni wa siku hiyo alikunywa vikombe viwili akasifu tangawizi.

Ijumaa moja nesi wa zahanati alikuja kuangalia piopi. Raheli alimshikia daftari huku ameegemea ukuta, na daftari likawa linashuka polepole kama bendera ya jioni. Nesi akamtazama. Akauacha mguu, akachukua mpira wa kupimia presha, akamvisha Raheli mkononi.

"Mgonjwa humu ndani ni yupi?" akauliza.

"Ni mimi," alisema Sostenes.

"Wewe una mguu tu. Dada, unalala saa ngapi?"

Raheli akafikiri sana. "Jana?"

"Siku yoyote."

"Nililala siku ile aliyoanguka. Kabla hajaanguka."

Hodi ikapigwa mlangoni, na Raheli akatoka kwenda kuwasha jiko kabla hata hajajua ni nani. Nesi akainama karibu na kitanda.

"Kaka, vidonge nitamwachia. Lakini vidonge bila usingizi ni sawa na kumwagilia changarawe. Mama huyu asipolala wiki hii, mfupa wako utaunga vizuri kabisa, na utautumia kwenda kumzika."

Kati ya kenchi na sakafu ya ghala kuna mita saba, na katika mita zote hizo Sostenes hakuwa ameogopa kama alivyoogopa sasa.

*

Sostenes aliona heri aseme na mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa ya mtaa wao. Mama Priska, mwalimu mstaafu, alifika siku hiyohiyo na katibu wake Brightness, binti aliyefanya kazi ofisi moja ya serikali kule Mtumba na ambaye simu yake haikuwahi kutoka mkononi.

"Mama, shikamoo. Naomba jumuiya imsaidie Raheli. Amechoka."

"Marahaba mwanangu. Amechoka kiroho?"

"Amechoka kimwili."

"Mwili hauchoki wenyewe, Sostenes, huanza roho. Brightness, andika. Imeandikwa, mchukuliane mizigo. Jumatatu waje akina mama. Jumanne jumuiya. Jumatano kwaya. Alhamisi wazee wa kanisa. Ijumaa vijana. Jumamosi wote."

"Mama, naomba kuuliza. Siku ya kutokuja mtu ni ipi?"

Mama Priska alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Huyu! Mguu umevunjika, utani umebaki mzima!" Akiwa anaondoka alimshika Raheli bega pale uani, na dirisha likayaleta maneno yote kitandani. "Mwanangu, chai ya leo ilikuwa nyepesi. Najua ni majaribu. Lakini wageni wasije wakasema nyumba hii imekata tamaa."

"Nisamehe, mama," alisema Raheli. "Kesho nitaikoleza."

Sostenes akang'ata shuka.

*

Wokovu ulitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia, yaani kwa Mzee Bartolomayo.

Mzee Bartolomayo alikuwa mwinjilisti mstaafu, mtu mwema, msafi wa moyo, ila akifumba macho kuomba alikuwa kama lori lililokatika breki mteremkoni. Husimuliwa kwamba aliwahi kuombea chakula cha harusi kule Gulwe, na alipofika Amina wali ulikuwa umeshachacha na bibi harusi ameshaanza kuitwa mama. Jumuiya ilikaa kikao juu yake. Ikaamuliwa apewe dakika tatu, na zikiisha simu ya Brightness iwike kama jogoo.

Jumanne ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu ya Brightness ikawa imekufa. Mzee akafumba macho, akaanza. Dakika tatu zikapita, jogoo hakuwika. Mzee alinyamaza kidogo kumsubiri, hakuamini bahati yake, akaendelea.

Katika dakika ya kumi Sostenes alifumbua jicho moja, akamwona mkewe. Raheli ameketi mkekani, mgongo kwenye ubavu wa kitanda, kichwa kimeinama, viganja vimekutana kifuani. Ukimtazama ungesema hapa ndipo penye imani ya kuhamisha milima. Lakini mdomo wa chini ulikuwa umelegea, na uso wote umekunjuka kama nguo iliyopigwa pasi. Alikuwa amelala fofofo, mbele ya wageni kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumsema, kwa sababu wote walikuwa wamefumba macho.

"Amina!" akasema mzee baada ya dakika ishirini na mbili. Macho ya Raheli yakafunguka kama mlango wa duka. Baada ya Amina ni chai, na mwili wake ulikuwa umeshajua hivyo hata akili ikiwa haipo. Siku hiyo dagaa walibaki kwenye mchuzi.

Watu walipotoka, Sostenes akamwita mzee.

"Kesho naomba uombe wewe."

Mzee Bartolomayo akageuka nyuma kuangalia kama pamesimama mtu mwingine. "Mimi? Dakika tatu?"

"Kwa kadiri Roho atakavyokuongoza, mzee. Na akichelewa, mimi nitakupa mada."

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumwomba mzee huyu aombe. Jumatano alikuja amevaa koti la sufu katika joto lile, na Sostenes akampa mada: mvua, zabibu za Hombolo, wabunge, na mabinti wa chuo wanaopanda bodaboda upande. Dakika arobaini. Alhamisi akampa bei ya alizeti na amani ya dunia, bara moja moja. Saa nzima na dakika tano. Mama Priska alikunja uso kila siku, lakini ombi la mgonjwa halikataliwi. Raheli akawa anawatofautisha tena mbuzi na wazee.

*

Jumamosi walikuja wote. Mzee alianza saa tatu kamili asubuhi, na alikuwa amefika kwenye treni ya umeme na waya zake pale Raheli alipokoroma.

Haukuwa mkoromo wa mwanamke mwenye aibu. Ulikuwa sauti ya mtu anayeburuta bati kwenye changarawe. Macho yote yakafumbuka. Mzee akanyamaza.

"Amelala!" alinong'ona Mama Priska. "Raheli amelala kwenye sala!"

"Mwacheni, mama," alisema Sostenes. "Nakuombeni mwacheni."

Mzee Bartolomayo alitazama mkeka, akatazama kitanda, na polepole akaelewa. "Kumbe ndiyo maana," akasema. "Wiki nzima nadhani umeyapenda maombi yangu. Kumbe mimi ni kidonge cha usingizi."

"Mzee, nisamehe. Nesi amesema asipolala nitamzika. Na hana usingizi mwingine popote isipokuwa kwako."

Kimya kilipozidi, kope za Raheli zikaanza kutetemeka. Bila kuamka, mkono wake ukaondoka kifuani, ukaanza kuipapasa birika.

Kama kuna watu mzee yule aliowachukia katika miaka arobaini na mmoja ya utumishi, ni wanaolala ibadani. Aliwahi kushuka madhabahuni akamwamsha mtu kwa kumpa sahani ya sadaka aizungushe. Sasa aliutazama ule mkono unaopapasa, wenye makovu ya mafuta ya vitumbua kutoka kwenye kidole mpaka kwenye kiwiko. Akashusha pumzi. Akafumba macho.

"Na si treni tu, ee Bwana," akasema taratibu, "tunakushukuru na kwa vituo vyake. Kwa Kidete. Kwa Godegode. Kwa Gulwe, ambako walinisema sana, nao uwabariki..."

Mkono wa Raheli ukaanguka juu ya mkeka.

*

Hapo ndipo ilipoanza ile sala ambayo watu wa Nkuhungu hupimia nayo mambo marefu. Masharti yake yalikuwa mawili, na kila mtu aliyaelewa bila kuambiwa: sauti isikatike, na Amina isitamkwe.

Mzee alikwenda na reli mpaka Kigoma, akisimama kila kituo, akarudi na ya Mwanza. Saa tano sauti yake ilianza kukwaruza, na Brightness akaipokea hewani bila kuacha mwanya. Binti huyu hakujua kuomba kwa kichwa, basi aliomba kwa utaratibu alioujua: kufungua kikao, yatokanayo, na mengineyo.

Saa sita Castory, mwalimu wa kwaya, aliyechelewa kama kawaida yake, alisukuma mlango akapaza sauti kwa furaha:

"Bwana Yesu asifiwe!"

Sasa, Mkristo wa Dodoma akisikia maneno hayo huitikia Amina kabla hajajua kama ameitikia. Vinywa ishirini vikafunguka. Brightness aling'ata mtandio wake. Mama Priska aliziba vinywa viwili kwa mkono mmoja mmoja na cha kwake akakizamisha begani mwa mama wa mbele. Mzee mmoja wa kanisa alimeza lile neno likampalia, akawa mwekundu kama udongo wa Kondoa. Na Mzee Bartolomayo, kwa sauti iliyobaki, akaruka:

"...asifiwe, naam, asifiwe na Castory, mtumwa wako, uliyemleta saa hizi, ee Bwana, aketi chini na umfunge kinywa!"

Castory akaketi. Raheli akajigeuza ubavu, akakoroma.

Nyuma yake aliingia Mwajabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mwislamu, Mrangi wa Kondoa anayeuza vitunguu, amekuja kudai sufuria yake. Vidole ishirini vikapanda midomoni. Brightness alimnyooshea simu aliyoandika habari yote. Mwajabu akasoma, akatikisa kichwa.

"Mimi nalisikia jiko lake saa kumi kila siku ya Mungu," alinong'ona. "Mlikuwa mnangoja nini?" Akaangalia saa. "Na huyu bwana, hajageuzwa?"

Wakatazamana. Kwa zaidi ya wiki nne walikuwa wamekitazama kitanda kile, na hakuna aliyejua kwamba mtu aliyemo hugeuzwa.

"Wewe wa kwaya, shika kiuno," aliamuru Mwajabu. "Mama mwenyekiti, shika mguu."

"Mimi?"

"Una mikono, huna?"

Wakamgeuza Sostenes watu watano, huku kijana mmoja akiwaombea mafundi wa Kizota na vifaa vyao, grinda na mashine ya kuchomelea. Watano wakatoka jasho. "Na huyu," alisema Castory akihema, "anamgeuza peke yake?" Mama Priska alitoka uani akiwa amekishika kile chombo cha chini ya kitanda, gazeti juu, shingo imenyooka kama amebeba kikombe cha ushindi. Huko nje akaona lundo la vyombo vya chai, vikombe ishirini na sita, vyote vilivyonywewa na jumuiya. Akavua saa ya mkononi, akakunja mikono ya gauni.

*

Saa nane mada zikaisha. Walikuwa wameombea mikoa yote, wilaya zote, mifugo kwa majina, na mtu mmoja kwa kukosa la kusema aliombea jedwali la kuzidisha mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili. Zamu ikafika kwa Mama Priska, mikono ikiwa bado imelowa.

"Bwana," akasema, "mimi sina la kukuambia ila hili. Mimi ndiye niliyeandika zile zamu. Nimeandika zamu za kwenda kwa kila mtu mtaa huu. Tangu mume wangu afe, ya kuja kwangu haijaandikwa. Ndiyo maana kwa watu nakaa sana. Nikitoka hapa naenda kukaa na redio."

Kwa kuwa sauti haikupaswa kukatika, Brightness akasema upesi, "Na mimi Bwana nimechoka. Tumekaa vikao sita vya kupunguza vikao. Nikilala naota muhtasari." Castory akasema kwamba hachelewi kwa uvivu, ila mama yake hamtambui tena na kila asubuhi lazima ajitambulishe upya ndipo akubali kunywa uji. Wakaenda hivyo mmoja mmoja, sauti za chini, macho yamefumbwa. Hata Mwajabu, aliyekuwa jikoni akiloweka mchele wa vitumbua vya kesho, alisimama mlangoni na viganja vyake vimefunguka mbele ya kifua, akaomba dua kwa taratibu za kwao. Alipokaribia mwisho kila mtu alishika pumzi, kwa maana mwisho wa dua unajulikana. Mwajabu akafika pale, akawatazama, akalimeza lile neno. Akarudi kwenye mchele wake.

Ukishakuwa umeuweka mzigo chini ndipo unapojua ulivyokuwa umechoka. Saa tisa na nusu Castory alikuwa amelala juu ya begi la Brightness. Brightness alikuwa amelala juu ya Castory. Mzee Bartolomayo, ambaye hakuwahi kulala ibadani tangu abatizwe, alikuwa amelala wima kitini na koti lake la sufu. Aliyekuwa akiomba, mzee wa kanisa, alikatikia katikati ya jina la Musa.

Pakawa kimya. Kope za Raheli zikatetemeka.

Sostenes akaangaza huku na huku. Hapakuwa na mtu aliye macho pale sebuleni. Tangu aanguke hakuwa amesema na Mungu neno lolote zaidi ya yale aliyoyasema akiwa hewani, na yale hayakuwa sala.

"Bwana," akaanza. "Ni mimi. Fundi. Sina maneno ya mzee. Huyu mke wangu... yeye ananigeuza. Usiku ananigeuza hata nikijifanya nimelala. Nami hujifanya nimelala, Bwana, kwa sababu naona haya. Nikifumbua macho nitamwona anavyohema. Na nikimwona itabidi niseme kitu. Naogopa nikisema, atajua kwamba najua, halafu ataona hana sababu ya kukaa na gogo lenye akili. Nilikuwa nataka kumwambia asante, nikaona neno dogo. Sasa sijui nitumie lipi..."

"Hilohilo linatosha," ilisema sauti kutoka mkekani, ubavuni mwa kitanda.

Sostenes akainua shingo kumtazama.

"Nimeamka ulipofika kwenye gogo," alisema Raheli. "Wewe si gogo. Gogo halipigi kelele likigeuzwa. Ni saa ngapi?"

"Karibu saa kumi."

"Za lini?"

"Za leo. Umelala tangu asubuhi."

Raheli akaketi. Chini ya shavu lake palikuwa na mto ambao hakuuweka, na nje ya mlango akaona vikombe ishirini na sita vimefudikizwa juu ya kichanja, vinang'aa. Kisha akawaona watu. Walikuwa wamezagaa sebuleni kama magunia siku ya mnada: mmoja kitini, wawili wamelaliana, wazee wa kanisa wamepangana ukutani mabega kwa mabega. Mkono wake ukaondoka wenyewe kwenda kwenye birika.

"Usithubutu," alisema Sostenes.

Lakini sauti ilikuwa imekatika kwa muda, na pale kwenye kiti Mzee Bartolomayo akaanza kutikisa kichwa. Castory akaguna. Kope za Mama Priska, aliyeketi sakafuni na gauni limelowa sabuni, zikaanza kutetemeka.

Raheli akaliona hilo. Akaacha birika. Akajivuta mpaka akakaa vizuri katikati ya mkeka, akakutanisha viganja, na kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto, akafungua kinywa.

"Bwana," akasema, "tuanze na huyu Priska. Miguu yake imevimba mpaka imejaa viatu, na kila siku anakuja kwangu na ndiyo kwanza leo naiona."

Mama Priska akavuta pumzi ndefu, kichwa kikamwangukia kifuani, akazama.